MASHINE HAINA AKHERA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Leo nitaandika kirefu. Mwenye haraka aihifadhi, aisome usiku.

Juzi baada ya swala ya Alasiri walikuja kwangu kina mama wanne. Wawili kati yao watoto wao nimewasomesha juzuu ya Amma. Wakakaa kibarazani, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Nikawaambia, "Karibuni mama zangu, semeni, mpo nyumbani." Mkubwa wao akanyoosha viganja vyake mbele yangu. Vimekuwa vyeusi kwa mafuta ya ganda la korosho, ngozi imebanduka na kuota tena mara nyingi. Akasema, "Shehe, mikono hii imebangua korosho miaka saba. Sasa tumeambiwa tusirudi. Imekuja mashine."

Mwenye banda walilokuwa wakibangulia jina lake silitaji, na naomba msinitafutie. Alikuwa akiwalipa kwa kilo. Ameleta mashine ya kubangua, na anasema msimu ujao ataleta nyingine yenye kamera inayochagua punje kwa rangi na ukubwa, kazi ambayo kina mama walikuwa wakiifanya kwa macho yao. Juu ya hayo, kuna malipo ya wiki mbili hawajapewa. Walipouliza, wakapata majibu mawili. La kwanza: "Hesabu zenu ziko kwenye mfumo, na mfumo haujazitoa." La pili: "Rizki anatoa Allah, mama, sio mimi. Subirini."

Wallahi, jibu la kwanza lilinisikitisha. La pili lilinikasirisha.

Kabla sijaandika neno hapa nilikwenda kwake usiku, nikamwambia usoni, kwa sababu kumsema Muislamu mitandaoni kabla hujamnasihi faraghani si tabia njema. Ni mtu wa safu ya mbele, na mkono wake katika sadaka si mzito. Tulizungumza vizuri. Lakini nilipotoka pale nikajua kuwa maneno yale si yake peke yake. Yanasemwa na wengi, Masasi mpaka Dar es Salaam, na wengine wanayasemea kwenye misikiti yetu. Kwa hiyo nayajibu kwa wote. Na kwa kuwa kuna vijana wetu walionifuata wakasema mashine hizi na hii akili mnemba ni alama za Dajjali tuzisusie, nitaanza na hao.

KWANZA: MASHINE SI HARAMU

Ndugu zangu, asili ya vitu vya kidunia ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Nabii Nuh (a.s.) alijenga jahazi kwa amri ya Mola wake. Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma, akafundishwa kutengeneza mavazi ya vita, na Qur'ani inatutaka tushukuru kwa ufundi huo. Fundi ana heshima katika dini yetu. Anayesema kila chombo kipya ni cha Dajjali, amwambie na muadhini azime kipaza sauti.

Tazameni hapa hapa kwetu. Tangu msimu wa 2024 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa, TMX. Wanunuzi wanaweka bei kwenye kompyuta, na mkulima wa AMCOS anaiona bei iliyoshinda. Msimu ule minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mizani ya kidijitali nayo imeingia kwenye AMCOS. Sasa niambieni, nani analia akiona mizani inasoma kweli? Ni yule wa kangomba, aliyezoea kununua korosho ya masikini kwa bakuli la kupimia wakati wa njaa. Allah ameteremsha sura nzima kuwaonya wanaopunja vipimo. Chombo kinachozuia kupunja ni neema, tukishukuru.

Na kuchoma si dini yetu. Mwezi Mei 2023 kule Kericho, Kenya, watu wenye uchungu wa kukosa kazi walichoma moto mashine za kuchuma chai. Uchungu wao naujua, na mwenye mashamba alipaswa kuusikia mapema kabla haujawa moshi. Lakini mali ya mtu ni haramu kuiharibu, na jivu halilipi mshahara.

Kwa hiyo kijana wangu, usiilaani mashine. Mlaumu anayestahili kulaumiwa.

PILI: "MFUMO NDIO UMESEMA"

Neno hili limekuwa kichaka cha kujificha. Ukienda ofisini kuuliza haki yako, "mfumo umekataa." Umepunguzwa kazi, "mfumo umekutoa." Umekatwa fedha, "mfumo umekata." Huyu mfumo ni nani? Mtoto wa nani? Anaswali wapi?

Tunasomeshwa tangu chuoni kuwa kalamu ya hesabu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka arejewe na akili. Hao ni wanadamu, na Allah amewasamehe kwa udhuru. Mashine haimo hata katika hao, kwa sababu kalamu haikuwahi kuwekwa juu yake. Haina nia, haina kaburi, haina mizani ya matendo. MASHINE HAINA AKHERA. Basi dhulma ikipita ndani ya mashine inakwenda kuandikwa kwa nani? Inaandikwa kwa aliyeinunua, aliyeiamuru, aliyejua na akanyamaza. Dhulma haipotei njiani. Inatafuta mwenyewe.

Nitawapa mfano unaonihusu mimi. Kijana mmoja mwema wa msikitini aliniletea khutba kwenye simu. Akasema, "Shehe, nimeiambia akili mnemba iandike, imemaliza kabla sijafunga kikoi." Nikaisoma. Kiswahili kizuri, mpangilio mzuri. Katikati pana hadithi, imetajwa na mpokezi wake. Nikaitafuta kwenye vitabu nilivyonavyo, sikuiona. Nikampigia mwalimu wangu Newala, naye hajawahi kuisikia. Ile programu iliitunga! Sasa ningepanda nayo mimbari, nani angeulizwa kwa kumzulia Mtume (s.a.w.)? Simu? Ningeulizwa mimi mwenye kanzu. Chombo kinaweza kunisaidia kutafuta, lakini hakiwezi kunibebea dhima. Na lililo kwangu juu ya mimbari ndilo lililo kwa tajiri juu ya daftari lake la malipo.

Tena hii akili mnemba yenyewe msidhani imeshuka na mvua. Mwaka 2023 jarida la Time la Marekani liliandika habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kazi yao ilikuwa kusoma maneno machafu na habari za ukatili, siku baada ya siku, na kuyawekea alama ili programu ya ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Baadhi yao walisema kazi ile iliwaumiza akili. Kwa hiyo ukiambiwa "mashine imefanya yenyewe", uliza: mikono ya nani imo ndani yake, na ililipwa nini?

Turudi kwa kina mama wetu na wiki zao mbili. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi qudsi aliyoipokea Imam Bukhari, Allah anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemuajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Ndugu yangu tajiri, fikiri vizuri. Siku hiyo mdai wako hatakuwa mama wa Lukuledi aliyepiga magoti kibarazani kwako. Mgomvi wako ni Allah. Utamwambia mfumo haujatoa?

Na wala usijipoze kwa sadaka. Sadaka ni jambo kubwa, lakini deni la mja halifutwi kwa bati la msikiti. Mlipe mama kwanza, kisha tuletee bati.

TATU: "RIZKI ANATOA ALLAH"

Hapa ndipo nilipokasirika, nami nimuombe Allah anisamehe kama nimevuka mpaka.

Rizki anatoa Allah. Kweli tupu. Lakini Sayyidna Ali (r.a.) alipowajibu Makhawariji aliwaonesha kuwa mtu anaweza kutamka neno la haki huku akilikusudia batili. Na hili ni katika hayo. Tajiri anayewaambia vibarua wake "rizki ni ya Allah", mtazame anavyoishi yeye. Ghala lake lina kufuli mbili. Korosho yake haipakiwi mpaka fedha ionekane benki. Mnunuzi akimcheleweshea malipo siku tatu, anapiga simu mpaka chaji inaisha. Mbona huko hasemi "rizki anatoa Allah, ngoja nisubiri"? Tawakkul yake imeishia kwenye mifuko ya wenzake!

Yule bedui aliyeuliza kama amuache ngamia wake bila kumfunga kisha ategemee, Mtume (s.a.w.) alimuelekeza amfunge kwanza. Tawakkul ni ya mwenye kutenda. Haikuwekwa iwe dawa ya usingizi ya kumnywesha uliyemdhulumu.

Najua hoja yake, nami siidharau. Aliniambia, "Shehe, nisipoleta mashine nitafunga. Vietnam wanabangua kwa mashine, bei yao siiwezi." Amesema kweli. Korosho yetu nyingi bado inaondoka ghafi bandari ya Mtwara kwenda India na Vietnam. Na kule Kollam, katika jimbo la Kerala nchini India, ambako wanawake wamebangua kwa mikono vizazi na vizazi, viwanda vingi vimefungwa kwa kushindwa na bei za wenye mashine. Mimi sikumwambia airudishe mashine yake. Nilimuuliza swali moja: "Umeinunua kwa fedha gani?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa faida."

Faida ya nini? Ya miaka saba ya mikono ile ile!

Kumbukeni hadithi ya watu watatu waliofungiwa pangoni na jabali, ambayo Bukhari na Muslim wote wameipokea. Kila mmoja alimuomba Allah kwa amali yake njema. Wa tatu alikuwa amewaajiri watu, mmoja wao akaondoka bila kuchukua ujira wake. Yule mwajiri hakuula. Aliuzalisha ule ujira ukawa mali nyingi, mifugo na watumwa. Miaka ikapita, kibarua akarudi kudai kidogo chake. Akaambiwa: vyote hivi unavyoviona ni vyako. Yule kibarua akadhani anafanyiwa mzaha. Akapewa vyote, akaondoka navyo, na jabali likasogea, wakatoka.

Wanachuoni wameeleza kuwa kumpa ziada ile yote ulikuwa ihsani, wala haikumlazimu. Nami sisemi tajiri agawe banda lake. Nasema amali iliyofungua jabali ilikuwa ni ya mtu aliyekumbuka kuwa ndani ya mali yake mna jasho la mwenzake. Sasa yule wa pangoni alirudisha mpaka na kizazi cha ujira. Wewe umeuzalisha ujira wa kina mama mpaka umekuwa mashine, kisha unawafukuza kwa ile mashine, na hata ujira wenyewe wa wiki mbili hujautoa. Jabali lako litasogezwa na nini?

Na katika Suratul Hashr Allah ameeleza sababu ya mgao wa mali: isiwe ni kitu cha kuzungukazunguka baina ya matajiri tu. Mashine ikiongeza mali na mali yote ikabaki upande mmoja, tumeingia katika lile tulilokatazwa.

TUSISAHAU YALIYOTUPATA

Wazee wa Masasi na Newala mnakumbuka. Mwaka 1973/74 nchi hii ilivuna korosho tani 145,000. Vikajengwa viwanda vikubwa vya kubangua kwa mashine, vikafika 12, vya Masasi na Newala vikiwamo, vingi kwa fedha za mkopo kutoka nje. Kufika miaka ya 1980 korosho zenyewe zilikuwa zimeporomoka. Watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ikawa ndogo, ubwiri unga ukaingia. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Mashine zilitaka vipuri vya fedha za kigeni, na zilivunja punje nyingi kuliko mikono ya Kollam. Viwanda vikanyamaza, baadhi vikaja kuwa maghala.

Mashine zilikuja kwa sherehe, zikaondoka kimya kimya. Mkulima alibaki na mikorosho yake na umasikini wake, na hakutokea mtu wa kusema, "Hili ni dhima yangu." Tusirudie. Safari hii kila mashine ijulikane mwenyewe, na mwenyewe ajue ataulizwa.

NINI TUFANYE?

Kwako tajiri. Mzee wa Madyan alipomuajiri Nabii Musa (a.s.) alimweleza masharti na miaka mapema, na akamwambia hataki kumtia tabuni. Huo ndio uajiri wa Kiislamu. Unaleta mashine? Waambie watu wako mapema, kabla haijashushwa kwenye gari. Lipa malimbikizo yote. Anza na wao kuwafundisha kuiendesha, kuilisha na kuisafisha, kwa kuwa wanaijua korosho kuliko fundi wa mjini. Unayemuacha, muache kwa wema na kwa haki yake.

Kwako mfanyakazi. Subira ni ibada, kutojua haki yako si ibada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za uendeshaji atoe taarifa na akae na wafanyakazi kushauriana kabla. Aliyefanya kazi mfululizo angalau mwaka mmoja ana kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mpaka miaka 10. Ukionewa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Lakini usilale: mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali upelekwe ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Hata ukilipwa kwa kilo, nenda ukaulize, usijihukumu mwenyewe kuwa huna haki. Kudai haki kwa adabu hakukutoi katika subira.

Kwetu sisi waumini. Kuna hadithi aliyoisimulia Anas (r.a.), imo katika Abu Daud. Wapo waliozungumza juu ya sanadi yake, lakini funzo lake wanachuoni wamelitumia. Mtu wa Ansari alikuja kuomba. Mtume (s.a.w.) akamuuliza ana nini nyumbani. Ana nguo nzito, nusu anajifunika na nusu anatandika, na bakuli la kunywea maji. Akaviagiza, akavinadi mbele ya masahaba. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza nani anazidisha, mpaka mwingine akatoa dirhamu mbili. Akampa yule mtu: moja ya chakula cha watu wake, moja akanunue shoka. Alipolileta, Mtume (s.a.w.) akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia akakate kuni na asimuone siku 15. Akarudi ana dirhamu kumi.

Mmeona? Mnada wa haki, kisha kifaa. Na kifaa kikawekwa mkononi mwa masikini. Hakumwambia "rizki anatoa Allah" akamuacha aondoke mikono mitupu.

Basi sisi tutie mpini. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Kina mama hawa wanne nimewaambia watafute wenzao waunde kikundi wakaombe, wawe na mashine yao ndogo ya kubangulia. Vijana wetu wanaojua kompyuta, badala ya kuniandikia khutba, wakae nao wawajazie fomu. Na zaka ya msimu huu, wenye zaka, kumbukeni waliopoteza kazi wamo katika mafakiri na masikini. Usimpe kilo mbili za unga tu. Ukiweza mpe shoka.

Yule ndugu yetu ameniahidi kuwa Ijumaa hii, kabla ya swala, wiki mbili zile zitakuwa zimelipwa, mfumo utoe usitoe. Nimemshukuru. Ijumaa kina mama nitawauliza.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali na utuepushe na kula jasho la waja wako. Walainishe nyoyo wenye mali, wape ujasiri wenye haki, na usitufanye tukajificha nyuma ya vitu tulivyovitengeneza kwa mikono yetu siku ambayo hapatakuwa na pa kujificha. Amin.

Msambazie tajiri mmoja na kibarua mmoja.

Wabillahi tawfiq.
Ndugu yenu katika imani, imamu wa msikiti, Lukuledi.